Punje ya Nane

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Na kwako mkaza mjomba shikamoo pia, maana najua ni wewe unayemsomea barua hii, umevaa miwani yako, na yeye amekaa pembeni amefumba macho utadhani amelala. Mjomba, najua kabla haijafunguliwa umeshaipapasa bahasha, na umehisi kitu kidogo kigumu kwenye kona. Nakuomba usikitoe kwanza. Kiache humo mpaka tufike mwisho. Mkaza mjomba, nawe nina ombi kwako: usiruke mistari. Nakujua, ukikuta neno zito unalimeza na kwenda mbele.

Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kupaka ilikusaidia, au umeiacha kwa sababu ya harufu? Na daktari wa macho amesemaje kuhusu jicho la kushoto? Sisi huku hatujambo. Mke wangu bado anafundisha darasa la tatu na kila Ijumaa anarudi sauti imemkauka, siku hiyo ndiyo nyumba inakuwa na amani. Mjukuu wenu ameota meno mawili ya mbele, sasa anacheka bila kuziba mdomo. Mimi mwili hauna neno, ila nimepungua kidogo. Sababu utaisikia.

Barua yako ya mwezi wa sita niliipata. Uliniambia fundi seremala ameitia ile kadi yangu ya gofu ndani ya fremu ya kioo, na imetundikwa juu ya redio. Ukasema kila anayekuja kukujulia hali anaonyeshwa kwanza kadi, magoti baadaye. Hata yule mwalimu mkuu mstaafu, anayejua kila kitu duniani, aliisoma mara mbili na akavua kofia. Nilicheka peke yangu pale mlangoni, kisha nikakaa kwenye ngazi kwa muda mrefu. Nimechelewa kujibu miezi mitatu. Nimeianza barua hii mara nne, na mara zote nimeishia kwenye magoti.

Niseme tu. Ile kadi ni ya uongo, Mjomba. Sikupiga tisini na tisa. Nilipiga mia moja.

Mkaza mjomba, endelea, tafadhali.

Wewe unayesoma hukuwahi kuupenda mchezo huu, kwa hiyo nikueleze kidogo ili usidhani nimeua mtu. Katika gofu unahesabu kila mara unapopiga mpira, na mwenye mapigo machache ndiye mzuri. Ukirusha fimbo kwa nia ya kupiga halafu ukakosa, hiyo nayo inahesabiwa. Klabu yetu ni ya wafanyakazi wa kawaida, ina mashimo tisa tu, tunayazunguka mara mbili. Hakuna kati yetu atakayetokea gazetini. Kwa hiyo kila mtu anashindana na namba yake mwenyewe. Mwezi wa kwanza unaandika kwa chaki kwenye ubao wa ukumbini, pembeni ya jina lako la utani, namba unayoitaka mwaka huo. Ukiifikia, inapigwa kengele, na mchora mabango, ambaye ni mwenzetu, anaifuta ile chaki na kuiandika namba yako kwa rangi nyeupe ya mafuta. Basi, ndiyo zawadi yenyewe. Usicheke, watu wazima wamewahi kulia mbele ya ubao ule.

Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha kujiwekea namba. Siku uliyonipa ile fimbo yako kuukuu, ile inayoitwa namba saba, uliniambia nisiitamani namba ya mtu mwingine. Nianze na ile niliyonayo, niiteremshe polepole. Mwaka wa kwanza nilikuwa na mia na thelathini na moja. Nikashuka mia na ishirini, mia na kumi na tano, mia na kumi. Pale mia na tano nilikaa miaka miwili. Wewe ukaniandikia nisiitazame mia kama mlima, niigawe: mashimo tisa nimalize kwa sita sita, mashimo tisa kwa tano tano, jumla tisini na tisa. Nilikariri hesabu hiyo nikiwa kazini juu ya paa la lifti, mikono imejaa grisi. Sita tisa, tano tisa.

Ukanipa pia punje zako kumi na mbili za maharage. Mkaza mjomba hajui habari hii, kwa hiyo niiseme, Mjomba unisamehe. Katika miaka uliyokuwa ukibeba mifuko ya wachezaji, kulikuwa na siku mchezaji mmoja mkubwa alipiga mara tatu nyuma ya kichaka na kutaja moja. Mpinzani wake, karani tu, akakugeukia wewe na kukuuliza. Ukajibu kwamba hukuona. Uliona. Karani alishindwa, akakuaga vizuri, akakushukuru. Tangu siku hiyo ukawa unatembea na maharage mfukoni: kila pigo, punje moja inatoka mfuko wa kushoto inaingia wa kulia. Hukuwa na nia ya kumwambia mtu yeyote. Ulitaka tu mkono wako ujue. Hayo uliniambia mara moja, na hukuyarudia.

Sasa siku yangu. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano. Nilicheza na Meneja, yaani meneja wa lile jengo la ghorofa kumi na moja ninalotunza lifti zake mbili. Ndiye anayetia sahihi mkataba wangu kila mwaka. Kwa kawaida unashika kadi ya mwenzio na kumwandikia mapigo, naye anashika yako, kila shimo mnaulizana. Nilikuwa napiga vizuri mpaka nikawa najiogopa. Shimo la kumi na nne mpira wangu ukaingia kwenye majani marefu. Nikarusha fimbo, nikafyeka majani, mpira haukutikisika hata kidogo. Mkono wangu ukahamisha punje wenyewe, kwa mazoea. Nikapiga tena, mpira ukatoka. Nilipomaliza shimo lile, vidole vilihesabu punje nane mfukoni. Meneja akauliza, "Ngapi, fundi?" Nikasema, "Saba."

Ningeweza kukuambia nilisahau. Sikusahau. Punje saba nilizirudisha mfuko wa kushoto. Ile ya nane niliitia kwenye mfuko wa shati, mpaka leo sijui kwa nini.

Wakati ule sikujua kwamba pigo moja ndilo litakaloamua. Nilijua tulipokaa mezani kujumlisha. Tisini na tisa. Meneja alitafuta kalamu yake kwenye mifuko yote, akaipata, akaijaribu kwenye kiganja, akatia sahihi. Muda wote huo mdomo wangu ulikuwa wangu. Kisha kengele ikapigwa, watu wakanibeba juu, na nikiwa huko juu niliwaza kwamba kwanza nitakuandikia wewe. Nikakuandikia siku ileile, na kadi yenyewe nikaitia humo.

Tangu hapo, Mjomba, sina pa kutokea. Watu wote klabuni wananiita Tisini na Tisa. Mlinzi wa jengo ananiita hivyo, mpaka muuza magazeti wa nje. Waliofikia namba zao wanasogezwa kundi la juu, wanaanza kupiga kutoka nyuma zaidi, mbali na shimo, kwa hiyo sasa napiga mia na nane, mia na kumi, na wenzangu wananipa pole: leo upepo, leo umechoka. Wananionea huruma kwa kushuka mahali ambapo sijawahi kupanda.

Na baya zaidi ni hili. Hata nikiamka kesho nikapiga tisini na tisa ya kweli, siwezi kuifurahia. Nitaifurahia na nani? Nimeshaipata. Mwezi wa saba nilikaribia, Mjomba. Nilifika shimo la kumi na saba nikiwa na nafasi nzuri kabisa, na nilijikuta naomba nikosee. Mtu ameitafuta namba miaka tisa, halafu anaikimbia. Nilikosea kweli, nikapata mia na mbili, na niliporudi nyumbani sikula.

Mke wangu aliiona punje siku ileile ya kwanza, alipokuwa anafua shati. Akaniuliza mbegu hii ya nini, nikamjibu ya Mjomba. Hakuuliza zaidi. Niliitia kwenye kiboksi cha kiberiti, ndani ya mkoba wa vifaa, chini ya bisibisi. Nikifungua mkoba naisikia ikigonga.

Mwezi wa nane yakanipata ya kuchekesha, nawe cheka ukitaka. Nilipanda lifti ndogo pamoja na Meneja ili nimwonyeshe mlio fulani ninaoulalamikia tangu mwaka jana. Lifti ikakwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Vifaa vyangu vyote viko juu, kwenye chumba cha mashine, na mimi niko ndani na shati langu safi. Mlinzi aliposikia kengele ya dharura akanipigia simu mimi, fundi, niende nikamtoe mtu. Nikamwambia mtu mwenyewe ni mimi. Alicheka mpaka simu ikakatika. Tulikaa humo dakika arobaini tukimsubiri fundi mwingine kutoka upande wa pili wa mji, na hadithi hiyo itanifuata mpaka kaburini.

Lakini humo ndani ndimo Meneja alimonifungukia. Alikuwa amekaa sakafuni, koti lake amelikunja magotini. Akaniambia lile pigo la kwenye majani aliliona. Nilihisi sakafu inashuka, na lifti ilikuwa imekwama palepale. Nikamuuliza mbona hakusema. Akatabasamu kwa upole kabisa.

"Fundi, na mimi huwa najipunguzia. Nani hajipunguzii? Ndiyo maana nafurahia kucheza na wewe. Wale wengine wana macho kama polisi."

Kisha akanieleza namba yake. Anastaafu mwezi wa kumi na mbili, na kabla ya kuondoka anataka kushuka chini ya tisini, ipigwe kengele, iandikwe kwa rangi. Alitaka mimi ndiye nimshikie kadi. Akaongeza kwamba mkataba wangu wa mwakani upo mezani kwake, asiusahau tu. Hakusema kwa vitisho, Mjomba. Alisema kama mtu anayekumbushia mwavuli. Ingekuwa vitisho ningejua la kufanya.

Nikaanza kumwandikia. Akisema tano, naandika tano, na mkono wangu mfukoni unajua ni sita. Jumamosi tano nimefanya hivyo. Yale macho uliyojuta maisha yako yote kwamba ulisema hayakuona, nilikuwa nayakodisha kila wiki, na jioni nakuja nyumbani kuisoma barua yako na habari za fremu. Ndipo nilipoanza kupungua. Usingizi ukawa wa kuibia ibia, chakula hakipiti.

Jana ndiyo ilikuwa siku yake. Alikuja na kofia mpya, na alikuwa amewaalika watu wawili wa ofisini waje kusikia kengele. Mimi niliondoka nyumbani na punje zako kumi na moja, na nyingine kumi na mbili za jikoni. Zako za kwangu, za jikoni za kwake. Mke wangu aliniona nikizihesabu mezani. Akafunga kifungo cha mfuko wangu wa nyuma na kuniambia, "Nenda, lifti ziko nyingi mjini." Nikajua kwamba alikuwa anajua, sijui tangu lini.

Shimo la tatu Meneja alisema, "Tano." Vidole vyangu vilikuwa vimeshika sita. Nikasema, "Sita, mkubwa." Akanitazama, akacheka, akasema fundi una mchezo leo. Nikaandika sita. Shimo la saba tena, akasema nne, nikasema tano, na nikamtajia pigo lenyewe lilikuwa wapi. Hapo hakucheka. Kuanzia mzunguko wa pili alitembea mbele yangu. Kila shimo, Mjomba, nilitamani liwe la mwisho, na nilitamani pia lisiishe. Alimaliza na tisini na nne. Si namba mbaya hata kidogo kwa mtu wa umri wake, na aliipiga yeye mwenyewe. Mimi nilipata mia na nne.

Mezani aliisukuma kadi nyuma kwangu bila kuitia sahihi. Akasema mbele ya wageni wake kwamba huyu Tisini na Tisa leo amekuwa hakimu. Watu wakageuka. Ningeweza kuishia hapo, nikawa nimemkomoa yeye na kubaki na rangi yangu ukutani. Nilisimama. Nilisema tisini na tisa yangu si ya kweli, shimo la kumi na nne nilipiga nane nikataja saba, na kwamba Meneja hana kosa katika hilo, mdomo ulikuwa wangu.

Hakuna aliyezomea, na hakuna aliyenipa mkono. Mchora mabango alisogea karibu. Alikuwa anautazama ubao. "Sasa hiyo nitaifutaje?" akaniuliza. "Ile ni rangi ya mafuta." Atakuja Jumatano kuikwangua kwa wembe, na amenionya kwamba pataonekana, ubao utabaki na kovu jeupe. Nimemwambia apaache hivyohivyo.

Meneja alibeba mfuko wake akaondoka bila kuaga. Kesho Jumatatu saa mbili natakiwa pale jengoni, lifti ndogo bado ina ule mlio. Sijui mkataba wangu utakuwa juu ya meza au ndani ya kapu la taka. Nisikudanganye, naogopa. Nimetoka kwenye chumba kimoja nikaingia kingine, na hiki sijui kina mlango upande gani. Ila leo nimekula sahani nzima, na mjukuu wenu amenihesabia vijiko.

Kilichobaki ni ukuta wako. Huko klabuni nilikuwa nasimama mbele ya watu ambao na wao wana ya kwao. Wewe umetembea nyuma ya waongo miaka thelathini na mfuko begani, ukaja kumwamini mmoja, na ukamtia ndani ya kioo. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko Meneja, kuliko kazi. Nakuomba uishushe kadi ile. Mwite fundi seremala, au mkaza mjomba apande kwenye kigoda, lakini ishuke leo, kabla hajaja mgeni mwingine. Mwalimu mkuu akiuliza imekwenda wapi, mwambie ukweli. Nastahili acheke.

Mkaza mjomba, sasa kitoe kile kilicho kwenye kona ya bahasha, umtie kiganjani, umfunge vidole.

Mjomba, ndiyo hiyo. Ni ya nane. Ulinipa punje kumi na mbili, mimi nimebaki na kumi na moja, na mwakani mwezi wa kwanza nataka kuandika tena tisini na tisa kwa chaki, pembeni ya kovu, nianze kuitafuta upya. Sita tisa, tano tisa. Lakini sitaijaza kumi na mbili yako kwa maharage ya jikoni. Ukiona bado nafaa kuhesabu kwa punje zako, nirudishie hiyo. Usiponirudishia, sitauliza.

Nisalimieni mamkubwa, mwambieni kitambaa alichonishonea bado ninacho. Msalimieni binamu yangu wa karakana na mkewe, na yule bibi jirani anayewaletea maji ya moto asubuhi. Mke wangu anawaamkia nyote, na mjukuu wenu ameomba niandike kwamba meno ni mawili. Mungu ayape nguvu magoti yako na ailinde nuru iliyobaki katika macho hayo, maana yameona mengi na mimi nimeyaongezea.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,

Mia Kamili.